Kisu cha Kuanzia

Juma lililopita nilipokea barua kutoka Msimbati, kule kusini kabisa, kwenye rasi ya mchanga mweupe iliyo kati ya Ghuba ya Mnazi na mdomo wa mto Ruvuma, mwendo wa kilomita arobaini hivi kutoka Mtwara mjini. Aliyeandika ni kijana aliyeanza karibuni kazi ya upishi katika nyumba ya kulaza wageni. Baada ya shikamoo na habari za afya, anasema kwamba ndani ya mwaka mmoja amekwisha nunua visu vitatu. Cha kwanza kilikuwa kikali kama wembe, lakini hewa ya chumvi ilikishambulia mpaka kikawa na madoa mekundu na matundu. Cha pili kilichomoka mpini wakati akipasua kichwa cha kolekole, na kama si Mungu vidole viwili vingekwenda. Cha tatu kinang'aa hata leo kama kioo, ila hakikati: nyanya hupondeka, kitunguu huteleza, na mwenye nyumba ameanza kunung'unika kwamba minofu ya samaki inafika mezani imeraruka kana kwamba panya wamepita. Kijana anauliza: mtu anayejifunza kupika anunue kisu gani?

Swali la jikoni hilo, na najua wapo watakaouliza tangu lini kipindi hiki kimegeuka darasa la mapishi. Nami nilikusudia kumjibu kwa mistari mitatu. Lakini nilipovifikiria vile visu vyake vitatu niliona kwamba hakuna hata kimoja kilichoharibika kwa bahati mbaya. Kila kimoja kimebeba ugonjwa wa asili yake, na ili kumwambia anunue nini ni lazima kwanza tuulize visu vimetufikiaje katika pwani hii.

Twende mbali kidogo. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga kitabu cha kuwaongoza mabaharia wa Bahari ya Hindi. Hakuacha jina lake; wanahistoria hukiita kitabu hicho Periplus. Pwani yetu anaiita Azania, na mji wake wa mwisho wa biashara anauita Rhapta, ambao wataalamu wanabishana mpaka leo ulikuwa wapi hasa, ingawa wengi wanautafuta katika pwani ya Tanzania. Kutoka huku zilitoka pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Na kilicholetwa? Mikuki iliyotengenezwa Muza, huko Yemeni, makusudi kwa ajili ya biashara ya huku. Tena vishoka, visu, vyuma vya kutobolea, na vyombo vya kioo.

Hebu yatafakarini maneno hayo, "makusudi kwa ajili ya biashara ya huku." Fundi wa Muza alikuwa akifua chuma akijua kwamba hatakitumia yeye wala jirani yake, bali mtu wa mbali ambaye hatamwona na ambaye hataweza kurudisha mali. Kitabu hakisemi kama vyuma hivyo vilikuwa imara au dhaifu. Ila mimi niliyezunguka sana maduka ya Kariakoo nina fikira zangu.

Hata hivyo mtu asije akadhani kwamba watu wa pwani hii walikaa ufukweni wakisubiri jahazi liwaletee cha kumenyea. Tazameni lugha tu. Kisu, chuma, shoka, jembe, mundu, kufua, kunoa, makali, mpini: hayo yote ni maneno yetu ya Kibantu, hayakuteremka bandarini. Wayao husema chipula, na hilo nalo hawakuliazima kwa mtu wa pwani. Tulichoazima ni majina ya vitu vya fahari, kama jambia la kiunoni na feleji, ile pua bora iliyosifiwa katika panga za zamani. Mtu huazima jina la pambo. Jina la kitu cha kumenyea chakula chake huzaliwa nalo. (Muhogo wenyewe, kwa kweli, ndio mgeni, kwani asili yake ni Amerika, nao ulifika baada ya Wareno. Ulikuta visu vinausubiri.)

Na chuma chenyewe kiliyeyushwa huku huku. Buhaya, karibu na Bukoba, mafundi walikuwa wakiyeyusha chuma yapata miaka elfu mbili iliyopita. Mnamo mwaka 1978 wataalamu wawili wa Kimarekani, Peter Schmidt na Donald Avery, walichapisha uchunguzi wao baada ya wazee wa Kihaya kulijenga upya tanuri la kizamani mbele yao. Mabomba ya udongo yaliingizwa ndani sana ya tanuri, hivi kwamba hewa ya mivukuto ilipata moto kabla haijafika kwenye makaa, na joto likapanda mno. Ufipa nako walijenga matanuri marefu kupita mtu, yanayoitwa malungu, yaliyojivutia hewa yenyewe bila mivukuto, kisha chuma kilichopatikana kikasafishwa katika tanuri dogo. Katika pwani, Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960 alikuta mabaki ya kazi ya chuma katika tabaka za mwanzo kabisa za mji. Na huko Galu, kusini mwa Mombasa, Profesa Chapurukha Kusimba wa Kenya alipata pua iliyoyeyushwa ndani ya chungu, ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ndiyo, pua, chuma kile kile ambacho wengi wetu tulifundishwa kwamba hakikujulikana mpaka wazungu walipotuletea.

Mwaka 1154, mwanajiografia Al-Idrisi, aliyeandika kitabu chake Sisilia kwa ajili ya mfalme Roger, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma na kwamba chuma ndiyo biashara yao kubwa; na kwamba wafanyabiashara wa Kihindi walikifuata chuma mpaka Sofala, wakakipeleka kwao kufuliwa panga. Huyu bwana hakufika huku mwenyewe. Aliandika aliyoyasikia na kuyasoma. Lakini ona jinsi mambo yalivyogeuka: miaka elfu moja na zaidi baada ya visu vya Muza, chuma kilikuwa kikitoka Afrika Mashariki kwenda kuwa upanga wa mtu wa ng'ambo.

Sasa Msimbati. Mchanga na matumbawe havitoi chuma, kwa hiyo mtu wa Msimbati daima alikipata kwa mtu mwingine, ama aliyekuja na bahari, ama aliyeteremka kutoka bara. Na huko bara walikuwako mafundi. Padri Yohanna Abdallah, Myao wa Unangu, ambaye historia yake ya Wayao ilichapwa mwaka 1919, anaeleza habari za ukoo wa Wachisi, wahunzi waliofua majembe na vifaa vingine na kwenda navyo kwa watu kufanya biashara. Anaonyesha kwamba safari hizo za kuuza vyuma ndizo zilizowazoesha Wayao njia ndefu, ambazo hatimaye ziliwafikisha pwani. Biashara kubwa ya Kilwa, pamoja na ubaya wake wote uliofuata, ilipita katika njia ambazo mhunzi alikuwa amezikanyaga kwanza.

Machi 1866 Daktari Livingstone alifika mdomoni mwa Ruvuma, jirani kabisa na Msimbati, akitaka kuteremsha ngamia wake. Mikoko na tope vilimkatalia, akarudi kushukia Mikindani. Alipoanza kwenda bara aliukuta msitu wa vichaka vya miiba ulioshonana hivi kwamba ngamia hawapiti. Aliajiri vijana wa Kimakonde wapatao kumi, nao wakamfyekea njia kwa vishoka na miundu, na mwenyewe aliandika kwa kustaajabia wepesi wao. Ninachokiona mimi katika habari hiyo si ngamia wala Daktari. Ni zile zana. Kufyeka kichaka cha miiba siku kutwa, siku baada ya siku, si kazi ya chuma cha kubahatisha. Vijana wale walikuwa na zana nzuri na walijua kuzinoa. Wajukuu wao wanaochonga mpingo, mti mgumu unaomaliza makali haraka, wanaujua ujuzi huo hadi leo. Muulize mchonga vinyago yeyote kuhusu tezo yake, utakaa kitako.

Kilichoua uyeyushaji wa chuma kwetu si vita, ni bei. Meli za moshi zilipoanza kuleta majembe na visu kutoka Ulaya kwa wingi, hakuna aliyekuwa tayari kukata miti ya mkaa, kujenga tanuri na kungojea siku kadhaa apate bonge la chuma ambalo duka la Mikindani au Lindi linauza kwa bei ndogo likiwa tayari limefuliwa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 matanuri yalizimika moja baada ya jingine. Mhunzi aliacha kuyeyusha. Lakini, na hili ni jambo ambalo wanahistoria wetu hawalitilii mkazo wa kutosha, hakuacha kufua. Alihama tu kutoka kwenye mawe ya chuma akaenda kwenye chuma chakavu.

Visu vya Ulaya navyo vilikuwa na ugomvi wao. Mji wa Sheffield, Uingereza, ulikuwa na chama cha wafua visu kilichoundwa kisheria tangu mwaka 1624, na jina lake lilipigwa kwenye bapa kama dhamana. Wajerumani wa Solingen, ambao nao ni mafundi wa tangu zama za kati, walilalamikiwa kwamba wanauza visu rahisi vilivyogongwa jina la Sheffield. Bunge la Uingereza likapitisha sheria mwaka 1887 kwamba bidhaa ya kigeni ionyeshe ilikotoka. Hiyo ilikuwa miaka miwili tu baada ya Kaizari kumpa Carl Peters hati ya ulinzi juu ya nchi yetu. Waingereza walidhani maneno "imetengenezwa Ujerumani" yatakuwa aibu. Wajerumani wakaona haya, wakatengeneza vizuri zaidi, na katika muda si mrefu maneno yale yale yakawa sifa. Basi msije mkadhani kwamba kughushi alama kulianzia Kariakoo.

Visu vyote hivyo, vya Sheffield, vya Solingen na vya mhunzi wetu, vilikuwa ndugu wa kile cha kwanza cha kijana wetu: chuma chenye kaboni ya kutosha. Chuma bila kaboni ni laini; kaboni ikiingia kidogo, si zaidi ya sehemu moja katika mia, na chuma kikachovywa majini kikiwa chekundu kisha kikapashwa moto tena kwa kiasi, kinashika makali ya ajabu na kinanoleka kwa urahisi. Ubaya wake ni kwamba hakivumilii maji, chumvi wala ndimu. Kule Msimbati, ambako upepo wenyewe una chumvi na kitoweo ni samaki wa kutiwa ndimu, kisu cha namna hiyo kikilala usiku mmoja bila kufutwa, asubuhi kina kutu. Hakina dosari. Kinataka mtu wa kukitunza, kama jahazi linavyotaka kupakwa shahamu.

Cha tatu, kile king'aavyo, kina tarehe yake ya kuzaliwa. Mwaka 1913, huko huko Sheffield, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Alipochanganya chuma na kromi kiasi cha sehemu 13 katika mia hivi, aliona kwamba tindikali, hata siki, haikidhuru. Alikotokea ni mji wa visu, kwa hiyo mara moja alifikiria visu vya mezani. Wafua visu wa kwanza kukijaribu chuma hicho walishindwa kukitia makali, na wenzake wakamtania kwamba amevumbua visu visivyokata. Baadaye mafundi waliujua moto wake, na leo jiko kubwa lolote la hoteli linatumia chuma cha ukoo huo. Ila kashfa ile ya mwanzo haijafa. Chuma hicho kinaweza kuwa kizuri sana au kikawa bati tu lenye kung'aa, na macho hayawezi kukitambua. Mwenye kiwanda akitaka kupunguza gharama hupunguza kaboni na moto, kwa maana mng'ao ndio unaouza kisu dukani, na makali utayatafuta ukiwa umekwisha fika nyumbani. Msimsikilize anayewaambia mpime kwa sumaku. Visu vingi vya chuma hicho, vizuri kwa vibaya, hushikwa na sumaku vilevile. Wala jina la "kisichoshika kutu" lisiwapumbaze: chumvi ya bahari ikikaa juu yake muda mrefu hukitoboa nacho.

Baada ya Uhuru tulijaribu kujitosheleza. Kiwanda cha Zana za Kilimo cha Ubungo, UFI, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina, kilitoa majembe na mapanga ambayo katika miaka ya 1970 yalifika mpaka vijijini. Jembe na panga, lakini. Kisu cha jikoni hakikupata mtetezi. Katika hotuba na mipango ya maendeleo mkulima alitajwa kila mara, na mpishi, ambaye kwa kawaida ni mama au dada, alidhaniwa atajitafutia. Hata ulipoingia uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, hadi ile kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, watu waliongea juu ya sabuni, sukari na khanga. Kisu kilipovunjika nyumbani hapakuwa na la kufanya ila kwenda kwa mhunzi na kipande cha springi ya gari au msumeno mkongwe. Ninacho kimoja cha wakati huo, cha springi ya Land Rover, cheusi, kizito kidogo, kisicho na sura ya kumwonyesha mgeni. Kinakata mpaka leo.

Kisha biashara ililegezwa kuanzia mwaka 1984, na miaka iliyofuata visu vikawa tele, vya kila rangi ya mpini, vinauzwa barabarani kwa rundo. Ndiyo habari ya Muza imerudi: mali iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya soko la huku. Kile cha pili cha kijana wetu ni cha ukoo huo, nami bila kukiona naweza kueleza kilichotokea. Kila kisu kina msuka, yaani kile kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mpini. Kisu cha kweli msuka wake hufika karibu na mwisho wa mpini na hushikwa kwa ribiti mbili au tatu. Cha kubabaisha kina msuka mfupi kama jino, umechomekwa katika plastiki, na samaki mwenye kichwa kigumu ndiye anayeufichua.

Sasa nijibu swali. Vitabu vya upishi vya Ulaya humwambia mwanafunzi anunue kisu kimoja kikubwa, cha inchi nane, kipana karibu na mpini na chenye ncha. Ushauri huo si mbaya, lakini unatoka katika jiko lenye meza na kibao. Jiko letu halikujengwa hivyo. Mama zetu hukata kitunguu kiganjani, mchicha ukiwa umefungwa ngumi, muhogo umeshikwa mkono mmoja na kisu kikielekea dole gumba, na yote hayo wakiwa wameketi kwenye kigoda huku sufuria iko chini kusubiri. Kwa kazi hiyo kisu cha inchi nane ni hatari. Kinachotakiwa ni kidogo, chepesi, chembamba, bapa lake lisizidi urefu wa kiganja. Nimeona vijana waliosoma vyuo vya hoteli wakiwacheka shangazi zao kwa kukata hewani. Nao hao hao wakipewa kazi ya kukata mchicha mwembamba wa kulisha watu thelathini bila meza, huwaita hao hao shangazi.

Kwa hiyo anayejipikia chumbani kwake na aanze na hicho kidogo kimoja, akizoee. Kijana wa Msimbati ana wageni na ana meza. Yeye anahitaji na cha pili, cha inchi sita au saba, cha kutolea minofu na kukatia nyama juu ya kibao. Viwili basi. Asinunue seti ya visu kumi na viwili ndani ya sanduku; kumi kati ya hivyo atavitumia kufungulia mifuko. Asinunue vyenye meno kama msumeno, isipokuwa kimoja cha mkate kama wageni wanakula mkate, kwa sababu meno hayanoleki kwa kinoo. Akiwa dukani akinyanyue kisu kuelekea mwanga na kutazama makali kwa urefu: yakiwa yamepinda, akirudishe. Atazame kama msuka umefika mwisho. Alowanishe mkono, akishike na kukigeuza, maana mkono wa mwenye kuparua samaki haukauki. Kuhusu chuma, ningekuwa yeye, cha kutolea minofu ningechukua kisichoshika kutu cha wastani, kwa sababu ya ile chumvi, na kile kidogo ningechukua cha chuma cheusi, kwa sababu ndicho kitakachomfundisha mikono yake makali ni nini.

Maana hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mwanafunzi wa upishi hajikati kwa kisu kikali. Hujikata kwa kisu butu, kwa kuwa butu hulazimisha nguvu, na nguvu ikiteleza inatua kidoleni. Watu wa pwani walilijua hili hata kwa upande wa dini: sheria ya kuchinja inataka kisu kiwe kikali ili mnyama asiteseke, na kinolewe mbali na macho yake. Nyumba nyingi za Kiswahili kuku akikamatwa, mtu wa kwanza kuitwa ni mwenye kinoo. Siku hizi unaingia nyumba yenye jokofu na televisheni, ukiuliza kinoo unaletewa chini ya kikombe cha kauri. Kikombe kinafaa kwa dharura, sikatai.

Kinoo basi kinunuliwe siku ile ile ya kisu, hata kama itabidi kisu kiwe cha bei ndogo zaidi. Kiloweshwe maji, kisu kilazwe juu yake, mgongo ukiwa umeinuliwa nafasi ya kidole kidogo, kisukumwe mbele kana kwamba unachuna ngozi nyembamba ya jiwe, mara kumi upande huu na mara kumi upande ule, bila pupa. Kikate nyanya kwa uzito wake mwenyewe ndipo uache. Wale vijana wa baiskeli wanaozunguka mitaani na jiwe la cherehe nawaheshimu kwa jasho lao, lakini cheche zinaporuka ujue bapa linapata moto, na moto huo ukizidi unakiondolea chuma ule ugumu alioupa fundi, wapelekee panga. Baada ya kazi kisu kioshwe kwa maji baridi, kikaushwe papo hapo kwa kitambaa, na kile cheusi kipakwe mafuta ya nazi kidogo sana, ambayo Msimbati hayakosekani. Kitapata rangi ya kijivu au ya buluu nzito. Hiyo si kutu, kisisuguliwe kwa mchanga.

Limebaki la vichwa vya samaki. Visu hivi viwili vyote havikuumbwa kwa kupasulia mfupa, na kile cha kutolea minofu kikitumiwa hivyo kitamegeka. Kwa hilo asiende dukani. Atafute kipande cha springi ya gari kwenye vyuma chakavu, apande gari hadi Mtwara mjini, aulizie wahunzi, aombe kisu kifupi cha mgongo mnene chenye msuka wa kupita mpini mzima. Na asikiache kipande hapo na kusema atarudi jioni. Akae kwenye gogo, atazame kinavyochovywa.